Kigoda cha Mama Mikunjo

Kila mtu ana mali yake. Wapo wenye mashamba, wapo wenye ng'ombe, na wapo wenye mdomo tu. Mali ya Mama Mikunjo ilikuwa kigoda cha miguu mitatu na dakika kumi na mbili za asubuhi, na kwa miaka minane hakuna aliyewahi kumwomba hata dakika moja.

Kigoda kilikaa katika chumba cha kufulia cha hospitali, kati ya mashine kubwa na ukuta, pembeni kabisa, mahali ambapo hata ufagio ulipita kwa kujipinda. Mashine ilikuwa kongwe. Pipa lake la chuma lilimeza mashuka themanini kwa mkupuo mmoja, na likianza kuzunguka, sakafu ilitetemeka mpaka magotini. Mkupuo wa kwanza ulitoka asubuhi mapema, ukakaushwa, ukakunjwa. Wa pili, ikifika saa nne na robo, ulikuwa kwenye msuuzo wa mwisho. Hapo meza ya kukunjia hubaki tupu: mashuka ya kwanza yamekwisha, ya pili bado yanatiririka maji. Dakika kumi na mbili. Si kumi, si kumi na tano. Mama Mikunjo hakuhitaji saa ya ukutani. Alilijua pipa lile kama mzazi anavyojua kilio cha mtoto, kipi cha njaa na kipi cha deko.

Pipa likibadilisha sauti, yeye huvua viatu. Viatu vyake vilikuwa vya mpira, vyeusi, na kile cha kulia kilikuwa na kiraka kilichopigwa na mumewe, fundi viatu. Huviweka sambamba chini ya meza, visigino ukutani. Huchukua taulo dogo la uso, hulilowesha maji ya moto ya bomba la boila, hulikamua mara mbili, hulikunja mara tatu, hulilaza nyuma ya shingo. Kisha hukaa. Nyayo sakafuni kwenye saruji ya baridi, shingo kwenye joto, mikono mapajani, viganja vikitazama juu kama vya mtu anayesubiri kupewa kitu lakini hana haraka nacho. Hafumbi macho kwa nguvu. Huyaacha yajifunge yenyewe. Pumzi huingia, hutoka. Hasemi, hahesabu, hapangi chakula cha jioni. Basi. Hakuna zaidi ya hapo.

Kilichomfikisha kwenye kigoda kile ni mfuniko wa sufuria. Miaka minane nyuma, jioni moja, baada ya siku ya kukunja mashuka mia tatu na kumi, mumewe alionja mboga akasema, "Chumvi imekimbia." Maneno mawili tu. Mama Mikunjo alishtukia mfuniko umeshatoka mkononi, umepita kando ya sikio la mzee wa watu, umegonga kabati la vyombo, na bado unazunguka sakafuni ukilia kama kengele. Mumewe alishika sikio, akaliona bado lipo, akaendelea kula mboga bila chumvi. Kesho yake saa nne na robo, Mama Mikunjo aliona kigoda cha kupandia rafu kimekaa bure, naye akakikalia. Mfuniko haukuruka tena.

Mezani alikuwa na mwenzake, kwa sababu shuka halikunjwi na mtu mmoja. Wawili hushika pembe, huvuta, hukutana, huachana, hukutana tena, kama wacheza ngoma wasio na ngoma. Mwenzake huyo alikuwa dada wa mumewe, yaani wifi yake wa damu, na hapo kazini kila mtu alimwita Wifi tu. Mwembamba, mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi. Miaka kumi na tisa walikuwa wamevutana mashuka, na utani haukupoa hata siku moja.

"Kaka yangu nilimtoa kwetu na masikio mawili," Wifi alipenda kusema. "Nikija Jumapili lazima nihesabu."

"Hesabu na meno," Mama Mikunjo humjibu, "maana hayo mlinipa pungufu tangu mwanzo."

Basi wakawa hivyo, mpaka alipoletwa msimamizi mpya.

Alitoka idara ya stoo. Kijana wa miaka thelathini na kitu, shati limepigwa pasi mpaka linasimama lenyewe, filimbi shingoni, na saa ambayo aliitazama kabla ya kujibu salamu. Wanawake wa chumba cha kufulia hawakuhitaji hata siku nzima kumpa jina. Kufika mchana alikuwa Bwana Ratiba. Mfukoni alikuwa na karatasi ya vidonge vya kiungulia, na kila alipomaliza kuandika kitu alikitafuna kimoja, taya zikisaga kama anatafuna changarawe. Mama Mikunjo alimtazama taya zile akasema moyoni, huyu mtoto halali.

Jumatatu moja Bwana Ratiba aliingia na bango. Lilikuwa kubwa, la rangi, na juu yake paliandikwa: NJIA KUMI NYEPESI ZA KUPUNGUZA MSONGO KAZINI. Palichorwa mwanamke aliyevaa nguo nyeupe, amekaa juu ya jiwe, anatabasamu. Alitafuta ukuta wa kulitundika na kuta zote zilikuwa na mabomba. Ukuta uliobaki mtupu ulikuwa ule wa pembeni, juu ya kigoda. Akapigilia msumari, akatundika bango, akarudi nyuma kulitazama, akaona kigoda kinamharibia picha. Akakipeleka stoo.

Kisha akapuliza filimbi. "Mabibi na mama zangu," alisema, "uongozi unajali afya zenu. Kuanzia leo kila asubuhi saa moja kamili tutafanya zoezi la kupumua. Dakika mbili. Wote wima. Nikipuliza mara moja, vuta. Nikipuliza mara mbili, toa."

Wakapanga mstari. Filimbi ikalia, wakavuta. Bwana Ratiba akatazama saa yake, akasahau kidogo, wanawake wakabaki wamejaa pumzi kama maboga.

"Nitoe au nife nayo?" Wifi aliuliza kwa sauti ya kubanwa, na mstari mzima ukapasuka kwa kicheko.

Siku hiyo hiyo alitangaza utaratibu mwingine. Kila kifurushi kitakachofungwa kibandikwe karatasi ya saa na dakika kilipofungwa. "Jina silihitaji," alisema. "Nahitaji muda. Nataka kujua dakika za idara hii zinakwenda wapi."

Saa nne na robo pipa lilibadilisha sauti. Mama Mikunjo alivua viatu, akakunja taulo, akageuka, akakuta mwanamke wa nguo nyeupe amekaa juu ya jiwe lake na chini yake sakafu tupu. Alikwenda kwenye ndoo za sabuni, akachagua moja iliyokwisha, akaipindua, akaipangusa, akaiweka chini ya bango, akakaa.

Jumanne alikaa tena kwenye ndoo, na hapo ndipo Bwana Ratiba alipomkuta.

"Mama, unaumwa?"

"Siumwi, mwanangu. Napumzika."

"Muda wa mapumziko ni saa saba."

"Saa saba ni ya tumbo. Hii ni ya mtu mzima."

Bwana Ratiba alitazama saa. "Mashine inafanya kazi na wewe umekaa."

"Nikisimama nitaisaidia kuzunguka?"

Wifi, aliyekuwa akipangusa meza isiyo na vumbi, alikohoa kuficha kicheko. Mama Mikunjo hakucheka. Aliinua kidole bila kugeuza shingo, kwa sababu ya taulo, akaonyesha juu. "Nisomee ya saba, mwanangu. Miwani yangu iko kwenye mkoba."

Bwana Ratiba hakutaka kusoma, lakini macho hayana adabu, yalishasoma. Njia ya saba ilisema: Keti mahali tulivu kwa dakika chache, legeza mabega, acha mawazo yapite.

"Hiyo ni ya nyumbani," alisema.

"Bango limeandikwa kazini."

"Mama, hili bango ni la elimu. Si la kutumia ovyo ovyo."

Mchana Mama Mikunjo aliletewa barua. Ilikuwa fupi, imepigwa chapa, na mahali pa sahihi pamewekwa nukta nukta. Ilisema kwamba yeye, mfanyakazi wa meza ya kukunjia, anaahidi kutokaa wakati wa kazi. Asipoisaini kufikia Ijumaa saa tano, atahamishiwa chumba cha chini.

Chumba cha chini kila mtu alikijua. Ndiko mashuka machafu yalikoshuka kupitia bomba pana la bati, kutoka wodi zote, na kazi ilikuwa kuyachambua peke yako, glovu mpaka viwikoni, bila dirisha, bila mtu wa kushika pembe ya pili. Mama Mikunjo alikuwa na miaka hamsini na sita. Miaka minne ilibaki astaafu. Aliikunja barua, akaitia kwenye mfuko wa aproni, akaendelea na mashuka.

Nyumbani alimpa mumewe aisome. Fundi viatu alikuwa amekaa mlangoni, kiatu cha mtu mapajani, misumari mitatu midomoni. Alisoma barua taratibu, akaitema misumari kwenye kiganja.

"Wanataka usikae?"

"Nisikae."

"Hizo dakika zako?"

"Hizo hizo."

Mumewe aligusa sikio lake la kushoto, akalivuta kidogo kama mtu anayepima ngozi ya kiatu. "Mke wangu, mimi sitii neno kwenye kazi yako. Lakini kama kuna mtu anayekitegemea kile kigoda katika dunia hii, ni mimi. Tena waambie mimi pia nina sahihi yangu."

Mama Mikunjo alicheka mpaka akaketi chini. Lakini akilini chumba cha chini kilikuwa wazi kama pengo la jino lililong'oka, ulimi hauachi kulirudia.

Asubuhi ya Jumatano, walipokuwa wakivuta shuka la tatu, Wifi hakutania. Alikuwa akitazama pindo.

"Sema," Mama Mikunjo alimwambia. "Ukinyamaza wewe, najua kuna msiba."

"Na mimi nilipewa barua jana." Wakakutana, wakaachana. "Nimesaini."

"Wewe hata hukai."

"Ndiyo maana nikaona haina hasara. Wifi yangu, saini tu. Ni wino. Kile chumba cha chini kitakuua, na mimi wataniletea mtu nisiyemjua, mwenye mikono mifupi. Tutakunja mashuka kama mikeka."

"Kwa hiyo unanililia mimi au unalilia mikono yangu?"

"Nalilia vyote. Saini, uje ukae nyumbani kwenu mpaka uote mizizi."

"Nyumbani nakaa kama mke. Kazini nakaa kama mimi."

Wifi alivuta shuka kwa nguvu kuliko ilivyohitajika. "Haya. Kichwa chako kigumu, na kaka yangu alionywa."

Siku hiyo hiyo Bwana Ratiba aliijaza nafasi aliyoiona wazi. Alimwambia Wifi kwamba saa nne na robo, meza ikiwa tupu, atakunja majoho ya chumba cha upasuaji yaliyobaki.

Hapa lazima nieleze joho la upasuaji linavyokunjwa, maana bila hivyo haya mengine yatakuwa hewa. Shuka hukunjwa uso wake mzuri ukiwa nje. Joho la daktari ni kinyume chake. Hugeuzwa ndani nje, likakunjwa kama upepeo wa karatasi, mkunjo juu ya mkunjo, na pembe moja ya shingo hukunjuliwa itokeze juu. Daktari akishanawa mpaka viwikoni, huikamata pembe ile, hulining'iniza, joho likajifungua lenyewe, akatia mikono. Mkono wake hugusa ndani tu. Nje hakuguswi, kwa sababu nje ndiko kunakomwelekea mgonjwa aliyepasuliwa tumbo. Likikunjwa kama shuka, daktari atakamata nje, na joho hilo halifai tena. Ndiyo maana tangu zamani majoho yalikunjwa asubuhi kwanza kabisa, mikono ikiwa bado haijachoka. Bwana Ratiba hakulijua hilo. Kwenye ratiba, joho ni kitambaa na shuka ni kitambaa.

Jumatano saa nne na robo Mama Mikunjo alikaa kwenye ndoo. Wifi alisimama mezani akikunja majoho, mgongo ameugeuza. Alikuwa ameshakunja mashuka saa tatu mfululizo. Alhamisi ikawa hivyo hivyo. Mama Mikunjo alifumbua jicho moja, akaona mabega ya wifi yake yamepanda karibu na masikio.

"Njoo ukae, wewe mwanamke. Ziko ndoo mbili."

"Nimesaini," Wifi alisema, na akabandika karatasi kwenye kifurushi: saa nne na dakika ishirini na moja.

Ijumaa ilifika. Barua ilikuwa kwenye mfuko wa aproni, na ilikuwa imelainika kwa mvuke. Saa nne kasoro dakika chache mlango ulisukumwa na tela la magurudumu lililojaa vifurushi vya majoho. Nyuma ya tela alikuwa sista wa chumba cha upasuaji, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye kwa kawaida hakushuka huko. Akishuka, kuna jambo. Kofia ya kitambaa bado ilikuwa kichwani na macho yalikuwa mekundu.

"Nani anakunja majoho yangu siku hizi?" aliuliza. Hakupaza sauti. "Daktari amesimama mikono juu inachuruzika maji, mgonjwa yuko mezani. Nafungua la kwanza, limekunjwa kama shuka. La pili, kama shuka. La tatu ndilo zima. Nimerudisha yote thelathini. Siwezi kucheza bahati nasibu na tumbo la mtu."

Bwana Ratiba alitokea ofisini akitafuna. Alisikiliza, akatazama tela, akatazama ndoo iliyopinduliwa chini ya bango, na uso wake ukatulia kama wa mtu aliyepata ufunguo alioutafuta wiki nzima.

"Sista, pole sana. Tatizo tunalijua. Idara hii ina mtu anayekaa wakati wa kazi. Barua nimeshampa. Leo saa tano tunalimaliza."

Upande wa pili wa meza Wifi alikuwa ameshika pembe za shuka na shuka lilikuwa linatetemeka. Mama Mikunjo aliliona tetemeko lile likija kwenye kitambaa mpaka vidoleni mwake. Alijua sasa. Mkono uliochoka hukunja shuka hata ukipewa joho. Angeweza kusema, si mimi. Maneno mawili, mepesi kama chumvi imekimbia.

"Majoho yametoka meza hii," alisema. "Meza hii tuko wawili. Shuka haliulizwi limekunjwa na pembe ipi."

"Mimi naijua pembe yako," Sista alisema, akimtazama. "Unaipiga kwa dole gumba."

"Sista, meza ni moja."

Wifi alifumbua mdomo, Mama Mikunjo akalivuta shuka kidogo, kama mtu anayevuta nguo ya mtoto mbele ya wageni. Wifi akafumba.

"Hata mimi nataka kujua ni nani," alisema Bwana Ratiba.

"Wewe hukutaka jina," Mama Mikunjo alimjibu. "Ulitaka muda. Muda upo. Umebandikwa."

Sista aliinama, akachukua kifurushi kilichokunjwa vibaya, akaisogeza karatasi mbali na macho kisha karibu. "Saa nne na dakika kumi na nane." Akachukua kingine. "Saa nne na dakika ishirini na moja. Saa nne na dakika ishirini na tano." Kila kifurushi chenye saa nne alikitupa upande mmoja wa meza, cha saa moja na saa mbili upande mwingine. Alipomaliza walivifungua kimoja kimoja, yeye na Mama Mikunjo, na Bwana Ratiba akitazama. Ya asubuhi yalikuwa ishirini na moja, yote mazima, pembe zimetokeza kama masikio ya sungura. Ya saa nne na robo yalikuwa tisa. Hakukuwa na zima hata moja.

"Saa nne na robo kuna nini hapa?" Sista aliuliza.

Pipa lenyewe ndilo lililomjibu. Lilipunguza mwendo, likabadilisha sauti, likaingia kwenye msuuzo wa mwisho. Mama Mikunjo akavua viatu.

Akaviweka chini ya meza, visigino ukutani. Akalowesha taulo, akakamua mara mbili, akakunja mara tatu. Bwana Ratiba alimtazama kama mtu anayetazama paka akinywa maziwa juu ya meza ya harusi. Mama Mikunjo akakaa kwenye ndoo, mikono mapajani.

"Kuna hiki," alisema.

Sista alimtazama. Kisha akavua kofia, akatafuta pa kukaa, akakaa kwenye ukingo wa tela lake lenyewe, na pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu kama ya tairi. "Nimesimama tangu saa kumi na mbili," alisema, wala hakuwa anamwambia mtu. Alipoinuka alimgeukia Bwana Ratiba. "Majoho yangu yakunjwe asubuhi, kama zamani. Na yule mwenye dole gumba abaki juu. Nikiona pembe ya mtu mwingine nitashuka tena, na sitashuka peke yangu." Akasukuma tela, akatoka.

Bwana Ratiba alitoa kidonge, akakitazama, akakirudisha. Si mtu mbaya yule, nalisema kwa haki. Alipozungumza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Sawa, mama. Nimeelewa. Makosa yanapungua watu wakipumzika, ni suala la uzalishaji. Basi tuweke utaratibu." Alifungua jalada, akachukua fomu tupu, akaanza kuandika akiwa wima. "Mapumziko yaliyoidhinishwa, saa nne na robo hadi saa nne na dakika ishirini na saba. Nitapuliza filimbi mwanzo na mwisho. Mtafuata bango, njia ya kwanza mpaka ya kumi, kwa zamu. Kila mtu atasaini kwamba amepumzika. Ile barua ya kwanza utasaini tu kwa ajili ya faili, halafu hii ndiyo itakayofanya kazi. Umeshinda, mama."

Wifi alipumua kwa nafuu. "Wifi, saini basi. Amekupa."

Mama Mikunjo hakufungua macho mara moja. Alingoja taulo lipoe upande mmoja, akaligeuza.

"Mwanangu," alisema, "mimi sikukaa ili nikukunjie majoho vizuri. Yakikunjika vizuri, heri. Nilikaa kwa sababu nilichoka. Ukinipulizia filimbi nipumzike, nikakusainia kwamba nimepumzika, hiyo umeniongezea kazi. Nitachoka kwa kupumzika kwako."

"Lakini bila fomu siwezi kuiruhusu."

"Sijakuomba ruhusa. Miaka minane pipa ndilo linaloniruhusu."

"Na nikikuhamishia chini leo leo? Sista si bosi wangu."

"Nihamishie. Chini nako kuna sakafu. Kigoda kina miguu mitatu, ngazi kitashuka."

Wakati huo Wifi aliliachia shuka. Lilianguka mezani bila kukunjwa, jambo ambalo kwa miaka kumi na tisa hakulifanya. Alikwenda kwenye ndoo za sabuni, akaipindua moja kwa teke, akaivuta kwa kelele mpaka pembeni, akakaa ubavuni mwa wifi yake.

"Wewe ulisaini," Bwana Ratiba alimwambia.

"Nilisaini nimesimama," Wifi alisema. "Nilikuwa nimechoka, sikujua ninachofanya. Angalia majoho." Akavua viatu. "Na hayo tisa ni yangu, uandike. Dole gumba langu halina adabu."

"Nani kakuuliza?" Mama Mikunjo alinong'ona.

"Nyamaza, upumzike. Umekazana kunifunika kama shuka la maiti."

Mama Mikunjo alitia mkono kwenye aproni, akatoa barua. Bwana Ratiba akanyoosha kalamu. Mama Mikunjo hakuipokea. Aliilaza barua juu ya paja, akaigeuza ndani nje, maandishi yakafichika. Akaikunja kama upepeo, mkunjo mwembamba juu ya mkunjo mwembamba, akiunyoosha kila mmoja kwa ukucha. Mwisho akaikunjua pembe moja, akaipiga kwa dole gumba, ikatokeza juu. Kazi nzima haikuchukua hata nusu dakika. Akamnyooshea.

Bwana Ratiba aliikamata. Aliikamata pale pale pembeni, kama kila mtu anavyoikamata, kwa sababu pembe ile hutengenezwa hivyo, mkono hauna pengine pa kwenda. Barua ikajining'iniza, ikajifungua yenyewe mbele ya uso wake. Nukta nukta za sahihi zilikuwa bado nukta nukta.

Aliisoma kana kwamba haikuwa yake. Akatazama saa. Saa tano ilikuwa bado. Akatazama wale wanawake wawili juu ya ndoo, nyayo nane za mikunjo na nyufa, hapana, nne, lakini kwa namna zilivyotanda sakafuni zilionekana nyingi. Akarudi ofisini, na mlango haukubamizwa.

"Atakushusha," Wifi alisema, macho yamefungwa.

"Huenda."

"Nitashuka na wewe. Nani atanishikia pembe?"

"Hukai vizuri. Legeza mabega, umekaa kama unadaiwa."

"Sijazoea. Nifikirie nini?"

"Usifikirie."

"Nikifikiria masikio ya kaka yangu?"

"Moja tu."

Pipa likazunguka, likasimama. Dakika kumi na mbili zilikuwa zimekwisha, na mashuka yalikuwa yakingoja.

Jumatatu hakuna aliyepuliza filimbi ya kuvuta pumzi, na hakuna aliyetaja chumba cha chini. Kigoda Mama Mikunjo alikifuata mwenyewe stoo. Alikikuta chini ya maboksi ya karatasi za saa na dakika, akayashusha moja moja, akayapanga vizuri, akakibeba kichwani mpaka pembeni pake. Bango bado lilikuwa ukutani, mwanamke wa nguo nyeupe akitabasamu juu ya jiwe. Aliliacha. Msumari wake ulipigiliwa vizuri, tena ulikuwa kwa urefu hasa aliouhitaji. Alipomaliza kukaa, alilitundika taulo lake pale likauke.